Kijiko Chenye Alama za Meno

Mkate ulikufa siku ya Jumanne asubuhi, juu ya meza ya jikoni, na aliyeuua alikuwa Mwiko mwenyewe.

Ndivyo walivyosema nyumbani kwao. Chakula ambacho mtoto amekikataa kwa mara ya mwisho, kimekufa. Neno hilo alilileta mtoto, siku alipopewa ndizi iliyoiva mno, akaisukuma kwa kidole kimoja na kusema, "Hii imekufa, Baba." Wakacheka, baba na mama, mpaka mama akashika kiuno. Baada ya ndizi ukafa uji, yakafa maharage, ukafa wali laini, likafa yai la kuchemsha, na kila kilichoondoka hakikurudi. Kufikia mkate hakukuwa na mtu wa kucheka tena katika nyumba ile.

Mwiko alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, na jina lake halisi lilibaki kwa karani wa mishahara na kwa mkewe akikasirika. Mtu mnene wa mabega, mwenye hatua nyepesi, aliyekoroga sufuria ambayo mbuzi angeweza kuoga ndani yake akatoka safi. Wanafunzi mia kadhaa walishiba kwa mkono wake kila mchana, na wengine walirudia foleni wakijifanya hawajala. Mtu wa namna hiyo kushindwa na tumbo lenye ukubwa wa ngumi, jamani, kingekuwa kichekesho kama mtoto asingekuwa anakonda mbele ya macho yake.

Mtoto alikuwa wa kike, anakaribia miaka mitano, na kwa sababu ya maneno yake yasiyokwisha walimwita Chiriku. Aliongea akivaa, akaongea akioga, akaongea na viatu vyake. Lakini mezani mdomo ule ule uligeuka mlango wenye komeo. Majirani walisema ni deko. Haikuwa deko, na yeyote aliyemwona akiwekewa kitu laini chenye madonge alijua hivyo. Shingo ilimkakamaa, macho yakajaa machozi, na koo likasukuma kile kitu nje kabla yeye mwenyewe hajaamua. "Kinasogea mdomoni," alisema. Hakuwa na maelezo mengine. Alichopenda ni chakula kikavu kinachovunjika kwa sauti, na chakula hicho akakiita kinacholia.

Sasa, katika jiko la shule kulikuwa na ujanja wa zamani. Mboga chungu zilipondwa zikafichwa ndani ya maharage, na wanafunzi wakala bila kujua, na mwalimu mkuu akamsifu mpishi mbele ya wazazi. Mwiko alijivunia ujanja huo. Basi Jumanne ile akachukua mkate aliokuwa akimkaushia Chiriku juu ya kikaango, ule mkavu uliokatwa vijiti, akapaka yai lililopondwa katikati ya vipande viwili, akavibana, akavikausha tena. Ukitazama, usingejua.

Chiriku aliuma. Kwanza ukalia. Kisha taya lake likasimama.

Hakulia machozi wala hakutupa sahani. Alifungua mdomo, akaacha kila kitu kidondoke mezani, kisha akamtazama baba yake. Hakuutazama mkate, alimtazama baba.

"Umeweka kitu."

"Yai kidogo tu, mama. Kidogo kabisa."

"Mkate umekufa," akasema Chiriku, akashuka kwenye kiti.

Vilivyobaki vilikuwa ukoko wa wali, viazi vyembamba vilivyokaangwa vikakauka, biskuti kavu, na maziwa katika kikombe kimoja tu cha kijani. Wiki iliyofuata, kliniki, mshale wa mizani ulirudi nyuma. Muuguzi alikuwa mama mtulivu asiyependa kutisha watu, na kwa sababu hiyo hiyo maneno yake yalimtisha Mwiko zaidi.

"Mshale huu ukishuka tena, baba, daktari atamlaza, na atalishwa kwa mpira wa puani. Si adhabu. Lakini mwili hauwezi kungoja." Akamshusha Chiriku kwenye mizani taratibu. "Usimlazimishe. Na usimfiche kitu ndani ya chakula, maana mtoto wa namna hii akikosa imani na sahani, amekosa chakula chote."

Mwiko alirudi kazini moyo ukiwa umemlemea. Akafunua sufuria, akachota mchuzi, akadondosha tone kwenye kiganja, akalilamba, na kwa kuwa chumvi ilikuwa imezidi akatema kwenye mkebe uliokaa kando ya jiko. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake. Siku ile tu ndipo alipouinamia ule mkebe na kuutazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Mpishi huonja kila kitu, na hakuna anayemlazimisha kumeza hata tone.

Akampelekea fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aproni yake kuukuu aipunguze iwe ya mtoto. Akanunua bakuli la bati la bluu. Jioni ile akamwambia Chiriku kwamba jiko la nyumbani limekosa mwonjaji, na kazi hiyo ina masharti. Mwonjaji anatazama, anagusa, ananusa, anaweka kwenye ncha ya ulimi, akipenda anauma. Popote akichoka anatema kwenye bakuli, na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Ila lazima atoe ripoti.

Kwa mtoto apendaye kusema, ripoti ilikuwa halua tosha. Chiriku alivaa aproni, akapanda kiti, akatoa ripoti kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. "Hiki kinalia mwanzo halafu kinanyamaza." "Hiki kina nywele ndani." Hicho chenye nywele kilikuwa nyuzi za boga, na kwa kweli, ukilitazama boga kwa jicho hilo, nywele zinaonekana.

Mwiko akajifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Boga alilikata jembamba, akalipaka mafuta, akalikausha kwenye kikaango mpaka kingo zikawa za kahawia. Yai alilitandaza kwenye chuma cha moto likawa kama karatasi, likakauka, likavunjika kwa mlio. Maharage yaliyoiva aliyakaanga tena mpaka yakalia kama karanga. Nyama ya kusaga aliibandika kwenye kikaango kwa kiganja, nyembamba kabisa, na kuitoa ngumu pembeni. Kila kitu kilikaa kwenye kisahani chake, kisigusane na kingine. Na kila alipobadilisha jambo alilisema wazi kabla sahani haijafika mezani: leo ukoko una mafuta ya karanga, leo viazi vimekatwa mviringo. Ukoko wenyewe alitoka nao shuleni, mkubwa kama ungo, uliobanduliwa chini ya sufuria, na vibarua wa jiko walimnung'unikia kwamba anawanyima riziki yao.

Siku moja Chiriku alitafuna karatasi ya yai mpaka ikaisha, bakuli likabaki kavu. "Baba," akasema, "yai limefufuka." Mwiko alitoka nje akajifanya anaangalia mtungi wa gesi, kwa sababu hakutaka mtoto aone machozi ya mtu mzima juu ya yai.

Laiti mambo yangebaki pale. Mama Chiriku alikuwa mjamzito, na mimba ilipokaribia kukomaa miguu ikamvimba, kichwa kikamgonga, na daktari akamlaza wodini mpaka siku ya kujifungua. Asipandishwe presha, walisema, asiletewe habari za kumhangaisha. Fundi cherehani alikuwa na nguo za watu na hakuweza kushinda na mtoto kutwa. Mwiko akampigia simu dada yake.

Simu ile ilimtoka kwa uzito ambao hakuuelewa. Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Mwiko alikuwa mdogo wa kubebwa, na dada aliyemzidi miaka mingi ndiye aliyemfulia, akamsomesha, akamwoza. Hukatai msaada wa mtu kama huyo. 

Dada alifika na begi moja. Alikuwa amefanya kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka akastaafu, na mwili wake ulibeba kazi ile: mgongo wima, kola ngumu, hakuna mkunjo popote. Alimbusu Chiriku kichwani, akamwambia amekua, akazunguka nyumba akinyoosha pazia. Mwiko akaandaa chakula. Dada akala kama alivyokula siku zote, tonge moja na funda la maji, tonge na funda la maji, macho amefumba. Ndugu yake alikuwa ameuona mlo huo maisha yake yote, na aliuhesabu kuwa ni adabu.

Baada ya kula dada akafungua begi na kutoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Ndani yake mlikuwa na kijiko, kipana, cha bati zito la zamani. Ukingo wake wote ulikuwa umetobolewatobolewa na vishimo vidogo, upande huu na upande huu.

"Hiki ndicho alicholishia mama," akasema. "Nimekileta kisaidie."

Mwiko alikitazama, taya zikajikaza zenyewe. Hakukumbuka kulishwa nacho, lakini alisadiki kwamba vishimo vile ni vyake.

Chiriku alisogea akaweka kidole kwenye kishimo kimoja. "Shangazi, nani alikiuma?"

"Watoto wasiotaka kula," akajibu shangazi, akakifunga tena kitambaani.

Mwiko akamweleza dada yake kila kitu, bakuli la bluu, aproni, visahani, mizani ya kliniki, mpira wa puani. Akamweleza asivyotakiwa kulazimishwa hata kidogo. Dada alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono.

"Nimesikia, mdogo wangu," akasema.

Alisikia, naam. Hakusema amekubali, na Mwiko, ambaye hutambua chumvi pungufu kwa harufu, hakulitambua hilo.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha bakuli la bluu likahama mezani likakaa rafuni. Kutoka rafuni likashuka chini ya sinki, na alipolitafuta jioni moja alilikuta na kipande cha sabuni ya kufulia ndani yake. "Chombo cha kutemea hakikai mezani," dada akasema bila ukali, akiendelea kukunja nguo. Aproni ya Chiriku nayo ilikuwa imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe kama kadibodi. Chiriku aliigusa mara moja na kurudisha mkono nyuma. Hakuivaa tena.

Na maneno yakaanza kupungua. Mwiko aliporudi hakukuta ripoti. Alikuta mtoto amekaa kwenye kiti, nywele zimechanwa vizuri, uso umeoshwa, mikono juu ya mapaja, na shangazi yake akisema kwamba leo amekula boga, leo amekula uji, bakuli zima.

"Uji?" Mwiko akauliza. "Chiriku, umekula uji?"

Chiriku alimtazama shangazi yake, kisha akatazama sakafu.

Hapo ndipo angeuliza zaidi. Hakuuliza, na mimi siwezi kumtetea. Alimwogopa dada yake kama alivyomwogopa akiwa na miaka saba, na juu ya woga huo akaweka matumaini, kwamba huenda kweli mtoto amekula. Kila jioni alikwenda wodini, na mkewe, akiwa amelazwa kwa ubavu, alimuuliza swali lile lile kabla hajaketi.

"Baba Chiriku, mwanangu amekula nini?"

"Uji, bakuli zima."

"Uji?" Mama alinyanyua kichwa. "Uji gani? Wa moto? Na hakutapika?"

"Dada ana mkono wake. Lala, mama, usijichoshe."

Mkewe alirudisha kichwa kwenye mto lakini macho hayakumwachia. Mwiko akajishughulisha na kumenya chungwa.

Kesho yake, akielekea kazini, fundi cherehani alimwita dirishani. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kusema, na kule kuzitoa kwa utulivu kulimfanya Mwiko asipende yanayokuja.

"Sitaki kuingilia ya watu," akasema. "Lakini mwanao jana alichoropoka akaja kukaa chini ya mashine yangu. Alichukua kitambaa akajifunga mdomo, akakaza fundo mwenyewe. Nikamuuliza kulikoni, hakujibu. Chiriku yule hakujibu. Shangazi yake akaja akamchukua."

"Watoto na michezo yao," Mwiko akasema.

"Sawa," fundi akasema, akarudisha pini mdomoni.

Mwiko alifika shuleni, akawasha moto, akapakua magunia, akachagua maharage pamoja na msaidizi wake. Alipika kwa mazoea tu, mikono ikifanya na kichwa kikiwa mbali. Karibu na chakula cha mchana akachota maharage ayaonje. Akauma. Katikati ya ulaini wa maharage jino likakutana na kijiwe, na mwili wake wote ukasisimka, shingo ikakakamaa. Akatema kwenye mkebe. Akasimama akiutazama, akaona bakuli la bluu chini ya sinki na sabuni ndani yake, akaona kitambaa chenye fundo.

Tangu aajiriwe hakuwahi kuacha sufuria motoni. Siku ile alimpa msaidizi mwiko mkononi, akatoka na aproni yake, akatembea, kisha akakimbia.

Mlango ulikuwa umerudishwa na pazia limefungwa mchana kweupe. Alisimama kizingitini kusikiliza. Ndani hapakuwa na kilio. Kulikuwa na mlio mdogo tu, wa bati likigonga meno, kisha kimya, kisha bati likagonga tena. Akasukuma mlango.

Chiriku alikuwa kwenye kiti amezungushiwa shuka, mikono ikiwa ndani, limekunjwa na kuchomekwa vizuri kama kitanda cha hoteli. Shangazi alisimama nyuma yake. Mkono mmoja ulikizunguka kichwa cha mtoto, na vidole viwili vya mkono huo vilimbana pua. Mkono wa pili ulishika kijiko, kimejaa boga lililopondwa, kikingoja mbele ya meno. Mtoto aliyebanwa pua lazima afungue mdomo. Ni suala la kungoja tu, na yule mwanamke alikuwa anangoja kwa subira ya mtu anayeijua kazi. Kilichomtia Mwiko baridi mwilini ni uso wake. Macho alikuwa ameyafumba, machozi yakimshuka, na midomo ikinong'ona kwa sauti nyembamba isiyo yake, sauti ya mtoto, "Meza, itaisha. Meza, itaisha. Meza, itaisha."

Meno yakaachana. Kijiko kikazama.

Chiriku alikohoa mara moja, kisha hakukohoa tena. Uso ukabadilika rangi. Mwiko alimnyakua na shuka lake, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena. Donge la boga likatoka na kuanguka kwenye viatu vya dada. Mtoto akavuta pumzi kwa mlio mrefu wa kutisha. Akaendelea kuvuta. Hakulia, hakusema kitu, alijikunja kwenye kifua cha baba yake na kuuma kitambaa cha aproni.

Tangu saa ile Chiriku hakula. Ukoko ulikufa, viazi vikafa, biskuti zikafa, karatasi ya yai ikafa, na maziwa katika kikombe cha kijani aliyasukuma mbali kwa mkono mzima. Maji pekee ndiyo yaliyopita. Alikaa chini ya meza akiwa amekumbatia mguu wa meza, mdomo umekazwa mpaka ukawa mstari. Ilibaki kesho na kesho kutwa, halafu kliniki na mizani. Mwiko alilala sakafuni karibu naye.

Asubuhi alimwambia dada yake neno ambalo hajawahi kumwambia. "Dada, leo utarudi kwako."

Dada alikuwa amekwisha vaa. Alikaa kitandani na begi magotini, kijiko juu ya begi, na kwa mara ya kwanza mgongo wake haukuwa wima.

"Nilitaka apone," akasema. "Mimi nilifanyiwa hivi hivi, nikala. Si unaniona? Nimeishi."

"Nikadhani hayo meno ni yangu."

"Yako?" Dada nusura acheke. "Wewe ulikula kila kitu, hata sabuni. Ulizaliwa mimi nimeshafundwa kumeza. Ni yangu hayo. Mama hakuwa mbaya, usimfikirie vibaya. Niliisha nikabaki mifupa, naye hakujua la kufanya, akaogopa."

Mwiko akauona ule mlo wa miaka yote, tonge moja na funda la maji, macho yamefumbwa. Aibu ikampanda, kwa kuwa alikuwa mpishi, na aliketi mezani na mtu huyu maisha yake yote.

"Na sasa unakula, dada?"

Dada akapitisha kidole gumba juu ya vishimo vya kijiko, kimoja baada ya kingine.

"Nameza," akasema. "Kutafuna siwezi. Nikitafuna, kinasogea."

Chini ya meza, upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi, kulisikika mtoto akibadili mkao.

Mwiko hakuwa na hekima ya kumpa mtu. Alichokuwa nacho ni jiko. Akaenda akatoa sabuni kwenye bakuli la bluu, akalisugua, akalisuuza mpaka harufu ikaisha, akaliweka mezani. Akatoa visahani. Katika kimoja akaweka ukoko, kimoja karatasi ya yai, na kimoja boga la jana lililobaki, lile lile lililopondwa, kwa sababu hakutaka kuficha kitu tena katika nyumba ile. "Jiko limefunguliwa," akasema hewani. Hakuna aliyetoka chini ya meza.

Dada alifika na begi lake mkononi, akielekea mlangoni. Akasimama. Alitazama visahani, akatazama bakuli.

"Na mtu mzima anaruhusiwa?" akauliza.

Mwiko akamvutia kiti.

Dada aliketi, akaacha glasi ya maji ilipokuwa, akachota boga kwa ncha ya vidole, akaliweka mdomoni. Hakufumba macho. Alitafuna. Alitafuna mara ya pili, shingo ikamkakamaa, mishipa ikasimama, macho yakajaa maji, na mkono ukapapasa meza kutafuta glasi. Mwiko aliisogeza mbali. Dada alilitazama bakuli kwa macho ya mtu anayezama, lakini hakuweza. Mwanamke yule mzima, aliyestaafu, alikuwa bado anangoja ruhusa.

Kitambaa cha meza kikatikisika. Chiriku alitokea akitambaa, nywele zimesimama, midomo imekauka. Alipanda kiti, akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka mpaka chini ya kidevu cha shangazi yake, akalishikilia pale.

"Tema," akasema.

Shangazi akatema. Alitema boga lote, na baada ya boga kwisha akaendelea kuinama juu ya bakuli, mabega yakimtetemeka, na Chiriku hakuliondoa.

"Ripoti," Chiriku akasema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza.

"Kinasogea," shangazi akajibu. "Kinasogea mdomoni."

"Eh. Kinasogea," Chiriku akakubali. Akaliweka bakuli chini, akachukua ukoko, akauvunja vipande viwili, akampa shangazi kimoja. "Huu haufanyi hivyo. Huu unalia."

Mwiko aligeukia sinki akafungua maji, kisha akayafunga haraka ili asikie. Mlio wa kwanza ulitoka kwa dada yake. Alingoja wa pili akiwa amewapa mgongo, ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili, na ulichelewa, ulichelewa sana, halafu akausikia.